Namna ya Kukagua Ukweli wa Historia Katika Filamu za Watunzi Wakubwa wa Muziki

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa muziki, kiongozi wa kwaya, mwandishi wa habari za filamu, au mtazamaji yeyote aliyemaliza kuangalia filamu ya Mozart, Beethoven au Chopin akajiuliza: haya yalitokea kweli? Swali likiulizwa kwa jumla namna hiyo halina jibu. Filamu moja hubeba mamia ya madai, na madai hayo hayana uzito mmoja. Kazi ni kuivunja filamu vipande vipande, kisha kila kipande kukipeleka kwa shahidi aliyekuwa karibu zaidi na tukio.

Tutatumia filamu ya Amadeus ya mwaka 1984, iliyoongozwa na Miloš Forman, kama mfano mkuu. Tumeichagua kwa sababu nyaraka za Mozart zimehifadhika vizuri na nyingi zinasomeka mtandaoni bila malipo. Tena ni filamu iliyopata Oscar nane na kupendwa dunia nzima, na ndani yake mtunzi aliyeishi kweli, Antonio Salieri, amebebeshwa kifo cha Mozart ambacho hakukisababisha. Jambo hilo linastahili kazi ya makini.

Vitu vya kuandaa

Unahitaji filamu yenyewe kwenye chombo kinachoonyesha saa na dakika, daftari, na siku mbili tofauti za kutazama. Mara ya kwanza tazama bila kuandika chochote. Ukianza kuandika mapema utakamata makosa madogo ya mavazi na kukosa mhimili wa hadithi. Mara ya pili simamisha filamu kila dai linapotokea. Kwa filamu ya saa mbili na nusu, madai 25 hivi yanatosha. Ukifika 60 hutamaliza kuyakagua.

Andika umetazama toleo gani. Amadeus iliyotoka 1984 ina dakika 160, na lile la mwongozaji lililotolewa 2002 lina dakika 180. Tukio ambalo Salieri anamdhalilisha Constanze, mke wa Mozart, limeonyeshwa kikamilifu katika lile refu tu. Watu wengi wamebishana hadi kukasirikiana juu ya tukio hili, kumbe kila mmoja alitazama toleo lake.

Hatua ya 1: Tafuta ukoo wa hadithi

Kabla ya kukagua chochote, uliza hadithi ilitoka wapi. Mswada wa Amadeus uliandikwa na Peter Shaffer kutokana na tamthilia yake ya 1979. Nyuma ya tamthilia hiyo kuna tamthilia fupi ya Mrusi Alexander Pushkin, ya mwaka 1830, ambamo Salieri anamtilia Mozart sumu. Na nyuma ya Pushkin kuna uvumi uliotembea Vienna miaka ya 1820, Salieri alipokuwa mzee na mgonjwa hospitalini.

Uvumi, tamthilia, tamthilia, filamu: katika viungo vyote vinne hakuna hata kimoja ambacho ni hati ya mwaka 1791, mwaka aliokufa Mozart. Ukiona ukoo wa namna hiyo, jua kwamba mhimili wa hadithi ni wa jukwaani, na ukweli utaupata pembezoni: katika tarehe, majina, muziki na maneno madogo madogo.

Angalia pia nani anasimulia. Katika Amadeus msimulizi ni Salieri mzee, mwaka 1823, akimwungamia padri. Kwa hiyo madai mengi ni kauli ya mhusika aliyechanganyikiwa, na mwandishi amejiachia mlango wa kutokea. Weka alama ya M kando ya kila dai linalotoka kinywani mwa msimulizi. Bado utalikagua, ila utajua ni nani aliyelisema.

Hatua ya 2: Andika madai, moja kwa mstari

Chora safu tano: dakika ya filamu, dai, aina ya dai, shahidi, hukumu. Dai zuri lina mtu, tendo, mahali na wakati. “Mozart alikuwa maskini” si dai la kukagulika, kwa kuwa umaskini wa 1785 si wa 1790. Andika: “Majira ya baridi ya 1791 Mozart hana fedha ya kodi.” Hilo lina hati.

Tazama mistari miwili kwa karibu. Katika filamu Mozart analalamika kwamba opera yake ya Le nozze di Figaro imechezwa mara tisa tu Vienna. Baadaye Salieri anasema kwamba kwa ushawishi wake opera nyingine ya Mozart, Don Giovanni, ilichezwa mara tano tu. Madai haya ni ndugu: filamu moja, mji mmoja, nambari mbili. Figaro ilianza tarehe 1 Mei 1786 katika ukumbi wa Burgtheater, na mwaka ule ilichezwa mara tisa. Nambari ni sahihi. Don Giovanni ilifika Vienna tarehe 7 Mei 1788, na mwaka huo ilichezwa mara 15. Tano ya Salieri ni uzushi. Mtu aliyeandika tisa alikuwa na vitabu mezani, kwa hiyo tano haikuandikwa kwa kutojua. Iliandikwa ili mkono wa Salieri uonekane. Filamu inapokuwa sahihi sehemu moja na kukosea sehemu ya jirani, tafuta faida ya kosa.

Hatua ya 3: Tengeneza kalenda ya kazi za muziki

Hii ndiyo hatua yenye mavuno makubwa kuliko zote, na wakaguzi wengi huiruka kwa sababu wanatafuta siri za chumbani. Kazi za watunzi wakubwa zina tarehe. Mozart mwenyewe, kuanzia Februari 1784, aliweka daftari la kazi zake: tarehe, jina la kazi, vyombo, na mistari michache ya noti za mwanzo. Daftari hilo liko Maktaba ya Uingereza, London. Kwa kazi za kabla ya hapo kuna orodha ya Köchel (ndiyo yenye namba za K.), iliyotoka mara ya kwanza 1862 na ambayo imerekebishwa mara kadhaa. Noti zenyewe, kwa toleo la kitaaluma, ziko wazi mtandaoni kwenye tovuti ya taasisi ya Mozarteum ya Salzburg tangu Desemba 2006.

Panga kalenda kwa mwaka na mwezi, kazi upande mmoja, matukio ya maisha upande wa pili, kisha weka mpangilio wa filamu kando yake. Makosa yatajitokeza yenyewe. Katika Amadeus, Mozart anahudhuria onyesho la opera ya Salieri iitwayo Axur, kisha anarudi nyumbani na kuambiwa baba yake amefariki. Leopold Mozart alifariki Salzburg tarehe 28 Mei 1787. Axur ilichezwa kwa mara ya kwanza tarehe 8 Januari 1788, zaidi ya miezi saba baadaye. Tukio limepinduliwa ili ushindi wa Salieri uguse kilio cha Mozart na kutupeleka moja kwa moja kwenye sanamu la kutisha la Don Giovanni, opera ambayo ilikuwa imekwisha kuchezwa Prague tarehe 29 Oktoba 1787.

Mfano mwingine ni mgumu zaidi. Mwaka 1781, nyumbani kwa Askofu Mkuu wa Salzburg mjini Vienna, Salieri anasoma noti za serenade ya vyombo 13, ile yenye namba K. 361, na kustaajabu. Onyesho la kwanza linalojulikana la muziki huo ni la tarehe 23 Machi 1784. Hapa usikimbilie kuandika “kosa”. Tarehe ya onyesho si tarehe ya kutunga. Andika: “mapema mno kwa ushahidi uliopo.”

Mambo matatu huwaharibia watu hatua hii. Kwanza, kuisoma namba ya Köchel kana kwamba ni tarehe. Namba za mwanzo ziliwekwa kwa ujuzi wa 1862, na tafiti zimehamisha kazi nyingi tangu wakati huo. Pili, kuchanganya onyesho la kwanza la dunia na onyesho la kwanza la mji fulani. Tatu, na hili ndilo la kawaida zaidi, kutotofautisha muziki unaosikiwa na wahusika na muziki uliowekwa juu ya picha kwa ajili yetu watazamaji. Filamu inafunguka kwa Simfoni ya 25, ya mwaka 1773, wakati Salieri anajikata koo mwaka 1823. Hakuna kosa hapo, maana ndani ya chumba kile hakuna anayeusikia. Weka herufi N kwa muziki wa nje, na usiukague kwa tarehe.

Hatua ya 4: Wapange mashahidi kwa ukaribu

Shahidi wa kwanza ni karatasi iliyoandikwa siku zile zile kwa sababu nyingine kabisa: daftari la vifo, risiti, kumbukumbu za ukumbi, mswada wa noti. Wa pili ni barua na shajara. Wa tatu ni kumbukumbu zilizoandikwa miaka mingi baadaye. Wa nne ni visa visivyo na mwenyewe. Methali yetu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika kazi hii methali hiyo iweke kando, kwa sababu Salieri aliteswa na hiyo hiyo.

Tuufuate uvumi wa sumu kwa ngazi hizi. Daftari la vifo la Vienna linataja homa kali yenye vipele. Tarehe 31 Desemba 1791 gazeti moja la muziki la Berlin liliandika kwamba, kwa kuwa mwili wa Mozart ulivimba baada ya kufa, wapo wanaoamini alilishwa sumu. Jina la Salieri halimo. Jina lake linashamiri miaka ya 1820, wakati mzee huyo yuko hospitalini akili ikiwa imedhoofika. Mpiga piano Ignaz Moscheles alimtembelea, na Salieri akamwambia kwamba uvumi ule haukuwa na ukweli. Mwaka 1824 daktari Guldener, ambaye alikuwa akipata habari za mgonjwa kutoka kwa waganga waliomtibu, aliandika kwamba ugonjwa huo uliwapata watu wengi mjini msimu ule na kwamba hakukuwa na dalili ya sumu.

Sasa weka upande wa pili barua ya mwisho ya Mozart iliyobaki, ya tarehe 14 Oktoba 1791, kwa mke wake aliyekuwa Baden. Anamweleza kwamba jana yake alimchukua Salieri na mwimbaji Cavalieri kwenda kutazama opera yake ya Die Zauberflöte, na kwamba Salieri alisikiliza kwa makini yote, tangu utangulizi hadi kwaya ya mwisho, na hakukuwa na kipande ambacho hakikumtoa neno la sifa. Hiyo ni karatasi ya shahidi wa ngazi ya pili, ya mtu mwenyewe, siku moja baada ya tukio, miezi isiyofika miwili kabla ya kifo. Ongeza kwamba mwaka 1785 Mozart na Salieri walishiriki kutunga wimbo mmoja wa kushangilia kupona kwa mwimbaji Nancy Storace, na noti zake ziligunduliwa upya Prague na kutangazwa 2016. Ongeza kwamba baadaye Salieri alimfundisha muziki mtoto wa Mozart, Franz Xaver. Constanze asingempeleka mwanawe kwa mtu anayemshuku kumwua mumewe.

Usidhani kila kinachoonekana cha ajabu ni uzushi. Tukio la dansi kuondolewa katika Figaro, na waimbaji kufanya mazoezi mbele ya Kaisari Joseph II bila muziki kama mabubu, linaonekana kama mbwembwe za sinema. Limo katika kumbukumbu za Lorenzo Da Ponte, mwandishi wa maneno ya opera ile. Hukumu yake: lina chanzo, lakini ni cha mtu mmoja, mwenye hamu ya kujisifu, akiandika karibu miaka 40 baadaye. Vivyo hivyo lugha chafu ya Mozart. Barua alizomwandikia binamu yake wa Augsburg zimejaa matusi ya chooni, na kwa hilo filamu haikumsingizia.

Kinyume chake, jambo linaloonekana la heshima ndilo lenye walakini mkubwa: kwamba Mozart aliandika noti bila kufuta hata moja, kana kwamba anapokea imla kutoka mbinguni. Rasimu zake zipo. Na alipomtolea mtunzi mwenzake Haydn kwateti zake sita za nyuzi (muziki wa vyombo vinne), Septemba 1785, aliziita mwenyewe tunda la kazi ndefu na ya kuchosha. Kuamini muujiza kunamnyang'anya mtu jasho lake.

Hatua ya 5: Kagua vyombo na ukumbi

Hapa huhitaji maktaba, unahitaji macho. Piano ambayo Mozart aliitumia Vienna ilitengenezwa na Anton Walter na bado iko Salzburg. Ina oktavo tano, yaani vibonye 61, fremu ya mbao, na nyundo ndogo zilizovikwa ngozi. Pedali hakuna, bali kuna wenzo za kusukumwa kwa magoti. Ukiona vibonye 88, fremu ya chuma, au mguu ukikanyaga pedali katika tukio la 1784, hapo pana kosa. Sauti nayo inakwambia: piano ile hulia kwa wepesi na kuzima haraka, ya leo inavuma.

Baragumu na tarumbeta za wakati huo hazikuwa na vali. Vali zilikuja baada ya 1810 na kitu, kwa hiyo mpiga baragumu anayebonyeza vidole mbele ya Joseph II amechelewa kuzaliwa. Fidla haina kiegemezo cha kidevu, nyuzi ni za utumbo. Selo hushikwa kati ya miguu, bila msumari wa kuisimamisha chini.

Kiongozi aliyesimama juu ya jukwaa dogo na fimbo nyeupe, akiwapa mgongo watazamaji, ni mtu wa karne ya 19. Siku za Mozart mtunzi aliongoza opera akiwa kwenye kinanda, na mpiga fidla wa kwanza akamsaidia. Mikono inayorushwa hewani ni lugha ya sinema: mtu aliyekaa kwenye kinanda haijazi skrini. Ni kosa la kusamehewa, ila liandike.

Ukumbi nao una habari. Maonyesho ya opera katika Amadeus yalipigwa picha ndani ya ukumbi wa Prague ambamo Don Giovanni yenyewe ilichezwa mara ya kwanza. Mahali ni pa kweli kuliko sinema nyingi zinavyoweza kupata. Hata hivyo ndani ya hadithi tunaambiwa tuko Vienna. Andika vyote viwili.

Kipimo cha mikono ni rahisi: zima sauti, tazama sekunde 30 za mchezaji akipiga, kisha washa sauti bila kutazama. Noti zikipanda, mkono wa kulia unatakiwa kwenda kulia. Upinde wa fidla ukibadili mwelekeo, mara nyingi sikio husikia mapumziko madogo. Kosa hapa ni la uigizaji, halihusu historia, kwa hiyo lisiingie kwenye hukumu ya mwisho.

Hatua ya 6: Fedha

Watu hupotea hapa kwa kubadilisha florini za zamani kuwa shilingi za leo. Usifanye hivyo. Linganisha florini na florini za mji ule ule na miaka ile ile. Florini moja ilikuwa na kreuzer 60, na ducat moja ilikuwa florini nne na nusu. Mwaka 1785 Leopold alimwandikia binti yake kwamba mwanawe Wolfgang, yaani Mozart, analipa kodi ya florini 460 kwa nyumba yake nzuri ya Vienna. Desemba 1787 Mozart alipata kazi ya mtunzi wa ikulu kwa florini 800 kwa mwaka. Mtangulizi wake Gluck alikuwa akipata 2,000. Novemba 1791, wiki chache kabla ya kufa, mahakama ilimtaka amlipe kabaila Karl Lichnowsky florini 1,435 na kreuzer 32.

Ukiziweka nambari hizi mstari mmoja, picha inayotoka ni ya mtu mwenye kipato kizuri, matumizi makubwa na madeni makubwa zaidi. Filamu imenasa fujo ya fedha lakini imeifanya kuwa ufukara.

Hatua ya 7: Kagua kifo na maziko, polepole

Karibu kila filamu ya mtunzi hufikia kilele kitandani pa mgonjwa, na hapo ndipo uzushi hujaa. Gawa tukio kwa watu, saa, karatasi na mwili.

Watu: filamu inamweka Salieri kitandani, usiku kucha, akiandika Misa ya Wafu kwa imla, wakati Constanze yuko safarini. Dada yake Constanze, Sophie Haibel, alikuwepo, na mwaka 1825 aliandika aliyoyaona: Constanze yuko nyumbani, yeye Sophie anamshika mgonjwa, na mwanafunzi Franz Xaver Süssmayr yuko kando ya kitanda, noti za misa juu ya shuka, Mozart akimweleza namna ya kuimaliza. Tukio la imla basi halikutoka hewani: mtu mwingine amevalishwa nguo za Süssmayr.

Saa: Mozart alikufa tarehe 5 Desemba 1791, saa saba kasoro dakika tano usiku kwa saa zetu. Ukisoma vitabu vya Ulaya utakuta 0:55. Badilisha saa zote mara moja kwenye kalenda yako, na usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 uandike kwa tarehe zote mbili. Filamu inamwua mchana kweupe.

Karatasi: mswada wa misa hiyo, K. 626, uko Maktaba ya Taifa ya Austria, Vienna. Sehemu ya Confutatis, ambayo filamu inaionyesha ikiamriwa mstari kwa mstari, imo kwa mwandiko wa Mozart mwenyewe: sauti za waimbaji, besi, na vipande vya vyombo. Sehemu ya Lacrimosa inakoma kwake baada ya baa (vipimo vya muziki) nane. Aliyeagiza kazi ile kwa siri hakuwa Salieri aliyevaa barakoa bali kabaila Franz von Walsegg, aliyefiwa na mkewe Februari 1791 na ambaye alikuwa na tabia ya kunakili kazi za wengine na kuzitoa kama zake. Mjumbe wa siri alikuwepo kweli. Nia ndiyo iliyobadilishwa.

Mwili: mvua inanyesha, jeneza lenye mlango wa chini linafunguka, maiti iliyofungwa ndani ya gunia inatumbukia shimoni pamoja na maiti nyingine, chokaa inamwagwa. Jeneza la namna hiyo liliwahi kuagizwa na Joseph II mwaka 1784, na agizo likaondolewa 1785 kwa sababu watu walilikataa. Mwaka 1791 halikuwa sheria. Mozart alizikwa makaburi ya St. Marx kwa daraja la tatu, gharama florini 8 na kreuzer 56, na florini 3 za gari. Hilo lilikuwa daraja la watu wengi wa mjini. Kaburi lilikuwa la kawaida, yaani si la familia yenye haki ya kulihifadhi, na baada ya miaka kadhaa lingeweza kutumiwa tena. Ndiyo maana mahali penyewe hapajulikani. Kutosindikizwa hadi makaburini kulikuwa desturi ya wakati ule, na haikumaanisha kususiwa. Na mvua? Shajara ya Count Zinzendorf, mkazi wa Vienna, kwa siku hizo inataja hali ya hewa ya upole na ukungu wa mara kwa mara.

Kosa la kawaida kwa msomaji wetu ni kuyapima maziko haya kwa maziko ya kwetu, ambako mtu kukosa wa kumsindikiza ni fedheha kubwa. Pima desturi kwa desturi ya mahali pale.

Hatua ya 8: Toa hukumu kwa ngazi

Usitumie “kweli” na “uongo” peke yake. Tumia ngazi tano. Imethibitika: Figaro mara tisa. Imesogezwa: Axur kabla ya kifo cha Leopold. Imebebeshwa mwingine: Salieri mahali pa Süssmayr. Haina ushahidi: K. 361 mwaka 1781. Inapingwa na hati: Salieri akijiwekea nadhiri ya useja, hali alioa na kuzaa watoto wanane.

Kisha pima madhara. Filamu inaonyesha mtoto mmoja wa Mozart. Waliobaki hai walikuwa wawili. Hilo ni ufupisho, na hakuna aliyeumia. Kumfanya mtu kuwa mwuaji ni jambo jingine kabisa, na katika taarifa yako lisikae mstari mmoja na soksi zisizo za mwaka husika.

Kuihamishia njia hii kwenye filamu nyingine

Kwa Beethoven anza na hati moja. Immortal Beloved ya 1994 imejengwa juu ya barua ya mapenzi ya tarehe 6 na 7 Julai 1812, iliyokutwa katika vitu vyake alipofariki Machi 1827. Barua ni ya kweli. Jina la mwanamke halimo. Filamu inamtaja Johanna, mke wa ndugu yake, ambaye Beethoven aligombana naye mahakamani kwa miaka juu ya malezi ya mtoto. Watafiti wamewapendekeza zaidi Antonie Brentano na Josephine Brunsvik. Copying Beethoven ya 2006 ina mwanamke mnakili, Anna Holtz, anayemwongoza mtunzi kwa ishara katika Simfoni ya Tisa. Hakuwepo. Tarehe 7 Mei 1824 mwongozaji alikuwa Michael Umlauf, na mwimbaji Caroline Unger ndiye aliyemgeuza Beethoven, ambaye alikuwa kiziwi, ili ayaone makofi.

Kwa Chopin, A Song to Remember ya 1945 inampeleka mwalimu wake Józef Elsner Paris pamoja naye. Elsner alibaki Warsaw.

Filamu inayohitaji uangalifu zaidi ni Chevalier, iliyotoka 2022, juu ya Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges: mtunzi, mpiga fidla hodari na mpiga upanga, aliyezaliwa Guadeloupe 1745, mama yake Nanon akiwa mtumwa wa asili ya Kiafrika. Inafunguka kwa mashindano ya fidla kati yake na Mozart mbele ya hadhira ya Paris. Mozart alikuwepo Paris kuanzia Machi hadi Septemba 1778, kwa hiyo kalenda inaruhusu. Hati ya mashindano hakuna, na hukumu ni “haina ushahidi”. Ila usiishie hapo ukaitupa filamu nzima. Waimbaji na wacheza ngoma kumwandikia malkia wakikataa kuongozwa na mtu mwenye damu ya Kiafrika, mwaka 1776, alipotajwa kuongoza Opera ya Paris, ni jambo lililotokea. Okestra aliyoiongoza miaka ya 1780 ndiyo iliyomwagiza Haydn simfoni sita za Paris. Katika safu ya tano andika hukumu ya mashindano, na mstari unaofuata andika hukumu ya barua ile ya 1776, kila moja na shahidi wake.